Kwa nini filamu za Hungaria zilisema kwa mafumbo?

Mwaka 1966 mwongozaji wa filamu wa Hungaria, Miklós Jancsó, alitakiwa kutoa tamko la ajabu kabla kazi yake haijaruhusiwa kwenda kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Filamu yenyewe, Szegénylegények, ilihusu wafungwa wa karne ya 19, watu wanaoshukiwa kuwa wafuasi wa jambazi aliyeitwa Sándor Rózsa. Jancsó alitakiwa aseme hadharani kwamba haihusiani hata kidogo na mambo yaliyotokea nchini mwake miaka kumi nyuma. Akasema. Waliomtaka aseme walijua si kweli, waliomsikiliza walijua si kweli, na miaka mingi baadaye mwenyewe alikiri kwamba hapakuwa na aliyedanganyika.

Sasa, serikali yenye uwezo wa kuifungia filamu kabatini kwa mhuri mmoja, mbona ikubali mchezo kama huo?

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika Hungaria ya miaka ile methali hiyo iligeuka kidogo: mtazamaji aliligangua, mkaguzi naye aliligangua, kisha wote wakanyamaza. Ukimya huo ndio unaohitaji kuelezwa.

Tuanze na nani alikuwa na kamera. Hungaria haikuwa ngeni kwa sinema. Michael Curtiz aliyeongoza Casablanca alianza kazi Budapest akiitwa Mihály Kertész, na Alexander Korda, aliyekuja kuwa bwana mkubwa wa filamu Uingereza, alianzia huko huko. Wote wawili waliondoka mwaka 1919, nchi ilipokumbwa na mapinduzi mawili yaliyofuatana. Hata bila wao, mwanzoni mwa miaka ya 1940 nchi hiyo ndogo ilikuwa ikitoa filamu zaidi ya 40 kwa mwaka, nyingi zikiwa vichekesho na mapenzi. Vita vikapita, wakomunisti wakashika hatamu, na mwaka 1948 kila kitu kikataifishwa: studio, kamera, maabara za kusafishia filamu, majumba ya kuonyeshea. Tangu hapo mwongozaji hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Aliyetoa fedha ndiye aliyetoa kibali, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati.

Miaka michache ya mwanzo ilikuwa mikavu. Chini ya Mátyás Rákosi, aliyejiita mwanafunzi bora wa Stalin, filamu za mwaka mzima zilihesabika kwa vidole. Kila mswada ulipita mikono mingi, na kila mkono ulikata kitu. Mkulima mwenye ng'ombe wengi lazima awe adui. Mhandisi mzee lazima awe na mashaka, na katibu wa chama lazima awe na jibu. Mtazamaji alijua mwisho kabla hajapata kiti.

Machi 1953 Stalin akafa. Julai mwaka huo Imre Nagy akawa waziri mkuu, akawaruhusu wakulima waliosukumwa kuingia kwenye vyama vya ushirika watoke wakitaka. Katika upenyo huo mdogo ndipo Zoltán Fábri, aliyekuwa mchoraji na mbunifu wa majukwaa kabla ya kushika kamera, alipotengeneza Körhinta, yaani Bembea ya Kuzunguka, mwaka 1955.

Ukiisoma hadithi yake karatasini hutaona kosa. Binti wa kijijini anampenda kijana wa ushirika, lakini babaye, aliyejitoa kwenye ushirika, anataka kumwoza kwa jirani mwenye shamba. Kwa mzee huyu, ardhi huoana na ardhi. Kijana wa ushirika ndiye mwema, baba mwenye tamaa ya shamba ndiye mwenye makosa, na chama hakiwezi kulalamika. Ila ukikaa mbele ya pazia, unachokiona si ushirika. Unaona bembea ya gulioni ikizunguka, binti na kijana wakiruka hewani, sketi na nywele zikipepea. Unaona karamu ya harusi ambapo wapenzi hao wanacheza mbele ya mchumba aliyechaguliwa na baba, na kamera inazunguka nao kwa kasi hadi nyuso za kijiji kizima zinakuwa ukungu. Binti huyo aliigizwa na Mari Törőcsik, ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa chuo cha uigizaji. Filamu ikaenda Cannes mwaka 1956, na watu wa nje wakashangaa kwamba kitu chenye pumzi namna ile kimetoka upande ule wa Ulaya.

Kwa maoni yangu hapo ndipo siri ilipogunduliwa. Mswada hukaguliwa ukiwa maneno, lakini filamu si maneno. Unaweza kuandika sentensi isiyo na hatia kisha ukaipiga picha kwa namna inayosema jambo jingine kabisa.

Mwaka uliofuata Fábri akasogea hatua moja zaidi. Hannibál tanár úr, Mwalimu Hannibal, inamhusu mwalimu mpole wa Kilatini wa miaka ya 1930 anayeitwa Béla Nyúl. Nyúl kwa Kihungaria ni sungura, lakini usimtazamie sungura mjanja wa hadithi zetu. Huyu ni wa kutetemeka tu. Anaandika makala ndogo ya kitaaluma akidai kwamba Hannibal, jemadari wa Karthago, hakujiua kama vitabu visemavyo, bali aliuawa katika ghasia za wananchi. Wanasiasa wa mrengo wa kulia wanalikamata jambo hilo, magazeti yanamrukia, wenzake wanamkwepa. Mwishowe anasimama mbele ya umati kwenye magofu ya uwanja wa Kirumi na kuyakana yote aliyoandika. Umati uliokuwa ukimzomea unaanza kumshangilia. Unamsogelea kwa furaha, naye kwa hofu anarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka anaanguka na kufa.

Rasmi, filamu hiyo ilikuwa ikiwalaani mafashisti wa kabla ya vita, na nani angeipinga? Lakini waliokuwa ukumbini walikuwa wametoka kwenye miaka ya kesi za maonyesho, ambapo watu walikiri hadharani makosa wasiyoyafanya huku wengine wakipiga makofi. Hawakuhitaji mkalimani. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 1956, na siku chache baadaye, tarehe 23, Budapest ililipuka kwa maasi dhidi ya utawala wa kikomunisti.

Maasi yenyewe hayakudumu wiki mbili. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti viliingia mjini, na watu wapatao 200,000 wakakimbilia nje. Miongoni mwao walikuwamo vijana wawili waliosomea upigaji picha za filamu Budapest, Vilmos Zsigmond na László Kovács, waliorekodi mapigano mitaani kisha wakavuka mpaka kuingia Austria wakiwa na mikanda yao. Marekani ikawapokea; Kovács ndiye aliyepiga picha za Easy Rider, na Zsigmond akaja kupata Oscar. Waliobaki walikutana na kabati. Keserű igazság, Ukweli Mchungu, iliyoongozwa na Zoltán Várkonyi mwaka 1956, ilionyeshwa kwa umma mwaka 1986. Imre Nagy, aliyerudi kuwa waziri mkuu wakati wa maasi, alinyongwa Juni 1958.

Mtawala mpya, János Kádár, alianza kwa mkono wa chuma, kisha pole pole akalegeza. Mwaka 1963 wafungwa wengi wa maasi walisamehewa. Makubaliano yasiyoandikwa yakajengeka: ninyi msiulize kuhusu 1956 wala kuhusu majeshi ya Kisovieti, nasi hatutaingia jikoni kwenu. Utamaduni ulisimamiwa na György Aczél, na mfumo wake Wahungaria waliufupisha kwa herufi T tatu: támogatott, tűrt, tiltott. Yaani kinachosaidiwa, kinachovumiliwa, na kinachokatazwa.

Uhai wote wa sinema ya Hungaria ulikuwa kwenye T ya katikati. Hakuna aliyejua mpaka wake uko wapi, na nadhani hilo lilikusudiwa. Mwongozaji alijipima mwenyewe. Mkaguzi naye alikuwa na wakubwa, na kubwa kwake lilikuwa kupata jibu endapo simu ingelia kutoka juu. Filamu inayosema 1956 waziwazi ingemwacha uchi. Filamu inayosema 1869, kama ile ya Jancsó, ilimpa la kujibu: ni historia tu, ndugu. Kwa hiyo fumbo halikuwa la kumficha mkaguzi kitu. Lilikuwa shuka la kumfunika na yeye. Serikali nayo ilifaidi, maana filamu za namna hiyo zilileta heshima Cannes na Moscow, na nchi ikaonekana ina uhuru kuliko majirani zake.

Tukirudi kwa Jancsó, fumbo lake lilichaguliwa kwa ustadi mkubwa. Szegénylegények, ambayo tunaweza kuiita Vijana Maskini, inatokea miaka ishirini baada ya maasi ya 1848 na 1849 dhidi ya ufalme wa Austria. Kwa Wahungaria maasi hayo ni kitu kitakatifu, na chama tawala kilidai kwamba ndicho mrithi wake. Angeweza nani kukataa filamu kuhusu mashujaa hao? Na maasi hayo yalizimwa vipi? Mfalme wa Austria aliomba msaada, na jeshi la Urusi likavuka mpaka. Mtoto yeyote wa shule Hungaria aliijua habari hiyo. Mwaka 1867 Austria na Hungaria zikapatana, maisha yakatulia, na walioshindwa wakaachwa wawindwe mmoja mmoja. Weka 1956 mahali pa 1849, na Kádár mahali pa mapatano.

Katika filamu hutaona vita. Utaona boma lenye kuta nyeupe katikati ya tambarare isiyo na mwisho, wafungwa wakizungushwa duara na magunia vichwani, na askari wenye adabu nyingi. Mfungwa mmoja muuaji anaambiwa atanusurika akimtaja mwingine aliyeua zaidi yake. Anaanza kutaja. Mwishoni wafungwa wanasomewa tangazo kwamba mfalme amemsamehe Sándor Rózsa. Wanashangilia kwa jina lake, na kwa kushangilia huko wamejitambulisha. Kisha inasomwa sehemu ya pili ya tangazo: waliopigana chini yake hawamo katika msamaha.

Zaidi ya watu milioni moja waliiona, katika nchi ya milioni kumi.

Jancsó alikuwa na fumbo lingine ndani ya kamera. Filamu ya kawaida ina mamia ya vipande vya picha vilivyoungwa, watu wa kazi hiyo huviita shoti. Yeye, mwaka hadi mwaka, alivirefusha, mpaka Még kér a nép ya mwaka 1972, iliyompa tuzo ya mwongozaji bora Cannes, ikawa na shoti 28 hivi tu. Kamera inatembea kwenye reli, watu wanapishana, farasi wanapita, na ndani ya shoti hiyo hiyo aliyekuwa anatoa amri anavuliwa koti na kuwa wa kuamriwa. Hakuna uso unaokaribiwa ili ujue umpende nani, wala muziki wa kukuambia ulie lini. Wengine huchoka wakiziangalia, na siwalaumu. Ya mwaka 1966 ndiyo ya kuanzia.

Fumbo lilishindwa pale lilipofika kwa wasiokuwa na haja nalo. Kwa ajili ya miaka 50 ya Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, Wasovieti walishirikiana na Jancsó kutengeneza filamu kuhusu Wahungaria waliopigana upande wa Wekundu, yaani wakomunisti, nchini Urusi. Walitarajia mashujaa. Alichowaletea mwaka 1967, Csillagosok, katonák, ni Wekundu na wapinzani wao, Weupe, wakipokezana kuuana, bila kujulikana nani ana haki. Moscow haikuwa sehemu ya makubaliano ya Budapest. Filamu ikakatwakatwa, kisha ikazuiwa huko.

Wapo waliochoka kufumba. Mwaka 1969 Péter Bacsó alitengeneza A tanú, Shahidi, kichekesho cha wazi kuhusu enzi za Rákosi. József Pelikán, mlinzi wa tuta la mto, anakamatwa kwa kuchinja nguruwe kwa siri, na badala ya kuachwa gerezani anapewa vyeo: bwawa la kuogelea, bustani ya burudani, mwishowe taasisi ya kukuza machungwa. Kila kazi inamharibikia, kila mara anapandishwa. Anaandaliwa kuwa shahidi katika kesi ya rafiki yake, na karatasi anayokabidhiwa si ushahidi bali ni hukumu. Iliwekwa kabatini miaka kumi. Watazamaji wakaiona rasmi mwaka 1979.

Watu wakaondoka na sentensi moja. Chungwa la kwanza la Hungaria limekomaa, wakubwa wamekuja kulipokea, kumbe limeshaliwa. Pelikán anatoa limau. Mkubwa analionja, uso unamkunjamana, anauliza hili ni nini. Ni chungwa jipya la Kihungaria, anajibiwa: lina umanjano kidogo, lina uchachu kidogo, lakini ni letu. Mwaka 1989, mfumo wenyewe ulipokuwa ukianguka, gazeti jipya lilianzishwa Budapest, nalo likaitwa Magyar Narancs, Chungwa la Kihungaria.