Ofurodi ni nini hasa, maana wengi tunaichanganya na barabara mbovu

Juzi kijiweni hapa Tabora dogo mmoja wa bodaboda kaniuliza, kaka hiyo ofurodi mnayoendaga Jumapili ni kitu gani, si ndo kupita njia mbovu tu, maana kama ni hivo mi na pikipiki yangu niko ofurodi kila siku napeleka watu mashambani na hakuna anayenipiga picha. Nilicheka ila swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa sababu hata wenye magari wengi hawajui, mtu akishapigwa na mashimo ya njia ya vumbi ya kijijini kwao akirudi mjini anasema alikuwa ofurodi. Hapana bwana, hiyo ni barabara mbovu, ni kitu kingine.

Ofurodi ni pale unapoitoa gari nje ya njia iliyotengenezwa, iwe ya lami au ya greda, unaingia kwenye ardhi jinsi Mungu alivyoiweka, mchanga, tope, mawe, korongo, mto mdogo. Na ukisema ofurodi ya kujifurahisha maana yake umeamua mwenyewe, ungeweza kubaki nyumbani, na ukifika mbele ukaona pabaya unageuza hakuna anayekudai. Dereva wa fuso anayetoka Kasulu na mzigo wa maharage masika yote anapiga tope kuliko mimi, lakini yule hana kugeuza, mzigo lazima ufike. Kwaiyo tofauti kubwa ipo kwenye huo uhuru wa kugeuza, na mtu akishausahau huo uhuru anaanza kuua gari.

Hizi gari zenyewe hazikutengenezwa kwa starehe. Jeep ya mwaka 1941 ilikuwa ya vita, Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 walikuwa wanamlenga mkulima, na Toyota nao mwaka 1951 walikuwa na kijipu chao walichokipandisha mlima Fuji wa kwao Japani mpaka kituo cha sita cha wapanda mlima ili waonekane, hicho ndo baadae kikaja kuitwa Land Cruiser mwaka 1954. Starehe ilikuja nyuma. Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu, yale mashindano ya ofurodi ya Camel Trophy mwaka 1991 yalianzia Dar es Salaam yakaishia Bujumbura, yaani watu walipanda ndege kuja kutafuta tope letu wakati sisi tunalikimbia.

Sasa tuje kwenye fowili yenyewe, yaani 4WD, gari kusukumwa na tairi zote nne, maana hapa ndo kuna uongo mwingi mtaani.

Gari ya kawaida injini inasukuma tairi mbili. Ukiweka fowili, kile kiboksi kinachokaa nyuma ya gia boksi kinagawa nguvu inaenda na shafti ya mbele, tairi zote nne zinapata. Kwenye gari kama Hilux, hadtop au Escudo za zamani ukiweka fowili shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawasawa kabisa. Na ndo maana usiweke kwenye lami kavu, kwa sababu ukikata kona tairi za mbele zinasafiri njia ndefu kuliko za nyuma, kwenye mchanga zinateleza kidogo mambo yanaisha ila kwenye lami hazina pa kuteleza, utasikia usukani mzito, gari inajikaza kama imeshikwa breki, ukilazimisha unavunja kitu. Nishaona mtu anatembea na fowili mjini siku nzima eti gari itulie barabarani, alafu akaenda kulalamika kwa fundi. Prado nyingi zenyewe zina fowili ya muda wote kwa sababu katikati kuna difu, yale magia yanayoacha pande mbili zizunguke kwa kasi tofauti, inayoruhusu hiyo tofauti, na ukiingia pabaya unaifunga.

Alafu kuna lo, ile gia ya nguvu. Hii watu wanaidharau lakini kwangu mimi ndo inayotenganisha gari ya ofurodi na gari ya kwenda harusini. Ukiweka lo gari inatembea pole karibu mara mbili mpaka mbili na nusu kuliko kawaida na nguvu inaongezeka hivohivo, unashuka korongo bila kukanyaga breki injini inakushika yenyewe, unapanda jiwe kwa mwendo wa kinyonga na klachi haiungui. RAV4 haina lo, Noah haina lo hata kama imeandikwa 4WD nyuma kwa herufi kubwa. Siwabezi, zinafika mbali, ila ujue ulichonacho.

Na jambo linalowashangaza watu zaidi, fowili inaweza kukwama tairi mbili tu zikizunguka. Difu ya kawaida, ile isiyofungwa, inagawa nguvu sawa kwa sawa kushoto na kulia, kwaiyo tairi moja ikiwa hewani au kwenye utelezi haihitaji nguvu yoyote kuzunguka, na mwenzake iliyokaa pazuri inapewa hichohicho kidogo, matokeo yake moja inazunguka kama feni nyingine imelala. Mbele hivo nyuma hivo, umekwama na fowili yako. Dawa yake ni difu loku, yaani kufuli ya difu inayolazimisha tairi zote mbili zizunguke pamoja, kama gari inayo, kama haina jaribu kukanyaga breki kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu, ile breki inaibana tairi inayozunguka ovyo na nguvu inahamia upande wa pili. Sio kila siku inakubali lakini imeshanitoa.

Ardhi zetu sasa. Ukiwa Kigoma shida yako ni mchanga, kule fukwe za Tanganyika kuelekea kusini ya Ujiji, ingawa ziwa lilivyopanda miaka hii fukwe zimeliwa. Mchanga unataka upepo utoke kwenye tairi. Kama unatembelea upepo wa psi 32 shusha mpaka 18 hivi, tairi inalala inakuwa ndefu chini, uzito wa gari unatawanyika eneo kubwa inaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usikate kona kwa kasi tairi ikiwa hivyo maana inaweza kuchomoka kwenye rimu, na ukirudi kwenye lami jaza kwanza ndo uondoke, tairi laini kwa mwendo mkubwa inapata moto inapasuka. Na kwenye mchanga ukitaka kusimama achia mafuta gari isimame yenyewe, ukikanyaga breki tairi zinajijengea ukuta wa mchanga mbele yake alafu unashangaa mbona haiondoki.

Huku kwetu Tabora mchanga upo wa kutosha ila adui mkubwa ni mbuga. Msomaji wa Dar ukisikia mbuga unawaza simba, sisi mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni unaolimwa mpunga. Kiangazi umepasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, unapita na IST na vumbi unatimua. Mvua moja tu ikishuka ule udongo unavimba unafunga nyufa zote, unakuwa laini kama ugali wa mgonjwa na unanata, unajaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa duara laini kama chupa. Hapo hata uwe na difu loku mbili tairi haina cha kushika.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili tulienda upande wa Igunga, kwenye zile mbuga za Wembere, magari mawili, mi na Escudo yangu na jamaa na Prado. Juu pamekauka, nikajisemea si nina fowili, nikaingia. Hazikufika mita mia gari ikakaa tumbo, matairi hayaonekani. Mwenzangu akaja kunivuta na yeye akakaa. Tulichimba kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri, unatoa chepe moja ya tope inarudi chepe mbili, mpaka akapita mzee mmoja na maksai wake wanne wa kulimia. Tukamwamkia, akatuangalia muda mrefu anatikisa kichwa, akasema, "Ng'wanawane, hapa hata ng'ombe mvua zikianza tunazungusha kule juu, ninyi mmekuja kutafuta nini?" Sikuwa na jibu, ungemjibu nini mzee wa watu, kwamba tumekuja kucheza? Akafunga mnyororo, maksai wakavuta moja baada ya nyingine, tukampa elfu hamsini na sukari tuliyokuwa nayo.

Tangu siku ile naelewa msemo ambao wazee wa haya mambo wanaurudia, kwamba fowili ni ya kutokea sio ya kuingilia. Yaani ingia na tuwili, ile ya tairi mbili, pale panapowezekana, ukianza kulemewa ndo uweke fowili ugeuze, kwa sababu ukiingia na fowili tangu mwanzo ukija kukwama umekwama mbali zaidi na silaha yako ya mwisho umeshaitumia. Sio sheria ya kila mahali, kwenye mchanga mrefu au mteremko weka mapema kabla hujaingia, ila kwa mbuga nakubali asilimia zote.

Maji sitasema sana. Kiwango changu ni katikati ya rimu, yakizidi hapo naanza kufikiria watoto. Injini ikivuta maji kwenye mdomo wa hewa imekwisha, maji hayakandamiziki kama hewa, pistoni inagonga maji konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda, na ikizima kwenye maji usipige stata tena, vuta nje toa plagi kwanza. Vitabu vya wazungu vitakuambia shuka utembee kwa mguu kupima kina kabla hujavuka. Sawa, lakini Malagarasi na Ugalla kuna mamba na viboko, we shuka tu.

Msituni kwenye miombo kuna mambo matatu ambayo hakuna anayekuambia mpaka yakukute. Visiki, watu wamekata miti wameacha vijiti vikali vimejificha kwenye nyasi vinachoma tairi ubavuni na ubavu hauzibiki, kwaiyo ile habari ya kushusha upepo msituni sahau, tairi iliyolala ubavu wake umetoka nje unakuwa nyama ya visiki. Pili nyasi kavu, kuanzia mwezi wa nane zinajikusanya chini ya gari zinakaa juu ya ekzosi, gari zinaungua hivyo kabisa, simama kila baada ya muda inama uchungulie utoe. Tatu mbung'o. Wanapenda kitu kikubwa kinachotembea na rangi ya bluu au nyeusi, Escudo yangu ni bluu, niishie hapo.

Na sio kila pori ni la kuingia. Ndani ya hifadhi za taifa kutoka nje ya barabara ni kosa, na ukiniambia unaenda Gombe au Mahale kufanya ofurodi ntajua hujawahi kufika Kigoma, kule ndani hakuna barabara za gari watu wanatembea kwa miguu. Misitu ya hifadhi inataka kibali. Kwingine ongea na serikali ya kijiji, angalia mizinga ya watu juu ya miti, na shamba hata kama halina mazao usikate katikati, zile alama za tairi mvua ikija zinageuka mfereji.

Vifaa vya kuanzia wala sio vya bei, kamba nzuri ya kuvutia, chepe, panga, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini isizame, pampu ya kuchomeka kwenye betri na geji ya upepo. Kamba funga kwenye ndoano ya chasisi, usifunge kwenye bampa wala tairodi, vile vyuma vya usukani, na usithubutu kuifunga kwenye ule mpira wa kuvutia trela, ukikatika unaruka kama risasi. Watu wote wakae mbali kamba ikikazwa. Na mwenzio mwenye gari ya pili ni bora kuliko winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, ila asikufuate mulemule ulimokwama kama wa kwangu.

Dogo wa bodaboda baada ya kumueleza yote haya akauliza sasa gari ikirudi inakuaje. Ioshe siku hiyohiyo, hasa ndani ya rimu, maana tope la mbuga likikauka linakuwa saruji, alafu kesho yake ukifika themanini usukani unatetemeka unakimbilia kwa fundi akubalansie tairi, anakula hela yako wakati kumbe ni kilo mbili za Igunga zimeganda upande mmoja.