“Ongeza tabaka tu, fundi”: tunavyokosea kuhusu mifuniko ya faiba

Hapa Mikindani, mkoani Mtwara, boti ya faiba ikipandishwa ufukweni, mwenyewe hukanyaga ule mfuniko wa duara wa sitahani, na akiona unanepa anatoa hukumu: “Ongeza tabaka tu, fundi.” Anaamini kila tabaka linaleta nguvu ileile. Si hivyo. Chukua mfuniko wa matabaka manne yaliyolingana unene na mwelekeo wa nyuzi. La juu kabisa na la chini kabisa, hayo mawili pekee, yanabeba sehemu 7 kati ya 8 za ukakamavu wake dhidi ya kunepa. Mawili ya ndani yanagawana sehemu 1. Kinachofanya kazi ni umbali kutoka katikati ya unene, ndiyo maana unene ukizidi mara 2, ukakamavu unapanda mara 8. Kitambaa cha bei kali ukikizika katikati, pesa imezama. Katikati weka povu gumu jepesi, faiba nzuri ikae juu na chini.

Wengine husema duara hubeba sawa pande zote. Kwa bati la chuma, sawa. Kwa faiba yenye nyuzi zilizolala upande mmoja, macho yanadanganya: ukingo ukibanwa barabara, bonde la katikati laweza kuwa la mviringo kabisa, lakini ndani mzigo unazifuata nyuzi, na kwa upande wa kuzikata ni resini, ile gundi inayoshika nyuzi, peke yake inayoshikilia. Huko ndiko ufa unakoanzia. Basi tunayapishanisha matabaka, nyuzi za moja zikikata za jingine, ila yakiwa mawili tu, moja huku moja kule, mfuniko unaweza kujipinda wenyewe ukipoa. Tazama ubavu wa plaiwudi: matabaka 3, 5 au 7, nusu ya juu ikifanana na ya chini kama uso na kioo.

Ukingo tunaudharau mno. Mzigo ukienea sawasawa, mfuniko uliobanwa pande zote hunepa takriban robo tu ya ule uliolazwa bila kubanwa.

Lakini kubana kuna mtego wake, na hapa watu huchanganya kunepa na kubinuka. Simamisha rula ya plastiki mezani, uikandamize kichwani: inakaa wima, inakaa, halafu ghafla inatoka ubavuni. Haijavunjika, imebinuka. Jua la mchana la Mtwara hufanya vivyo hivyo: mfuniko unataka kutanuka, skrubu za ukingoni zinaukatalia, msukumo unaelekea katikati. Faiba yenye nguvu zaidi haisaidii kama haina ukakamavu zaidi. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Bryan alilipigia hesabu jambo hili tangu 1891: kwa duara lililobanwa, kikomo cha msukumo hupungua hadi robo kipenyo kikizidi mara 2.

Wiki chache zilizopita nililetewa mfuniko uongezewe tabaka. Niliugonga kwa sarafu ya shilingi 200, kidogo kidogo kutoka ukingoni: ti, ti, ti, kisha karibu na katikati mlio ukawa mzito: “tuu.” Matabaka yalikuwa yameachana. Unene ukigawanyika nusu kwa nusu zinazoteleza, ukakamavu wa mahali hapo hubaki robo, na tabaka jipya lingelala juu ya mwanya uleule. Nilizungusha chaki penye mlio mzito. Viganja vyangu vyote viwili vilienea ndani.