Moto Peke Yake Hautoi Chuma Jiweni

Unga wa jiwe la chuma ukiuchoma kutwa kucha kwenye chungu kisicho na mkaa, chuma hupati. Kimo humo, lakini kimefungamana na oksijeni, kama ilivyo kutu ya bati la paa lako. Joto husaidia tu. Lazima kiwepo kitu cha kumnyang'anya chuma oksijeni yake.

Wahaya wa Kagera walilijua hilo kwa vitendo. Karibu na Ziwa Viktoria watafiti wamechimbua matanuri yenye umri wa karibu miaka 2000, na katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo wakajenga tanuri upya, wakaonyesha. Shimo lilijazwa matete yaliyochomwa, juu yake mkaa na mtapo (jiwe lenyewe la chuma), mivukuto ikipuliza hewa kupitia mabomba ya udongo. Mabomba yenyewe yaliingia ndani kabisa ya tanuri, hivyo, kwa maoni ya baadhi ya watafiti, hewa ilishapata moto kabla ya kuufikia mkaa. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na unastahili kufundishwa katika kila darasa la kemia nchini.

Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi (CO). Gesi hii hupenya kwenye mtapo, huchukua oksijeni na kutoka ikiwa hewa ukaa (CO₂), chuma (Fe) kikabaki:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kaboni monoksidi ndiyo gesi hiyohiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Haina harufu. Tafadhali, jiko lilale nje.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, lakini si lazima kifike huko. Uchafu wa jiwe huyeyuka mapema na kuchuruzika, nao ndio mavi ya chuma. Donge linalobaki huenda kwa mhunzi akalifue.

Sufuria yako ya alumini ina habari nyingine. Alumini imeing'ang'ania oksijeni kiasi kwamba mkaa wa tanuri la namna hiyo haufui dafu. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waliiyeyusha alumina (alumini iliyofungamana na oksijeni) ndani ya kriolaiti ya moto, madini yaliyoyeyushwa, kisha wakapitisha umeme. Mpaka leo viwanda hufanya hivyo, kwenye nyuzi kama 960, na tani moja hula uniti 13,000 hadi 15,000 za umeme. Kuyeyusha alumini chakavu kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo, maana oksijeni ilishaondolewa.