Kukadiria umri kwa eksirei ya meno: maswali na majibu

Kwa nini meno, na si urefu wa mwili?

Taji, yaani sehemu ya juu ya jino, la gego la kwanza la kudumu huanza kuwa gumu karibu na wakati mtoto anapozaliwa, na tangu hapo meno hujengeka kwa mpangilio unaofahamika. Utapiamlo na maradhi huweza kumdumaza mtoto, lakini huathiri ujenzi wa meno kwa kiasi kidogo zaidi. Kuota kwa jino si kipimo kizuri, kwa sababu huweza kubadilika hata pale jino la utotoni linapong'olewa mapema.

Programu ya akili unde inayokadiria umri hutazama nini katika picha ya mtoto?

Hutazama zaidi ncha ya mzizi. Katika eksirei, kuta mbili za mzizi unaokua huonekana kama mistari myeupe ambayo bado haijakutana, na kati yake pana giza lililopanuka kama mdomo wa faneli, ambalo hupungua kadiri miezi inavyopita hadi ncha ifunge. Mwaka 1973 mtafiti Demirjian na wenzake waligawa ukuaji huo katika hatua nane, A hadi H, kwa meno saba ya upande wa kushoto wa taya la chini. Njia ya mtafiti mwingine, Cameriere, ya mwaka 2006 hupima upana wa mdomo huo na kuugawanya kwa urefu wa jino lenyewe. Kugawanya huku kuna maana yake: mashine hukuza picha kuliko jino halisi, na uwiano hupunguza athari ya ukuzaji huo.

Na mtu mzima ambaye mizizi yake imeshafunga?

Hapo hupimwa kiini, yaani nafasi ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, ambayo hupungua taratibu kwa kuwa dentini, yaani tishu ngumu inayokizunguka, huendelea kujengeka maishani. Mtaalamu hufungua picha katika programu kama ImageJ, inayopatikana bure, akabofya nukta moja baada ya nyingine kuuzunguka ukingo wa jino la chonge, kisha ukingo wa kiini, na programu huhesabu pikseli (nukta ndogo za picha) za kila eneo ili kiini kilinganishwe na jino zima. Jino lililotoboka au kuzibwa halifai kwa kazi hii. Hata jino zima likitumika, kukosea kwa miaka kumi si jambo la kushangaza.

Je, akili unde haikosei?

Hukosea, tena kwa kujiamini. Hujifunza kutokana na picha za watu ambao umri wao unajulikana, hivyo hurithi mipaka ya picha hizo. Viwango vya Demirjian, kwa mfano, vilitokana na watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, na vilipojaribiwa kwingineko mara nyingi vilimwongezea mtoto umri.

Inaweza kuthibitisha kwamba mtu ametimiza miaka 18?

Hapana. Katika umri huo yanayobaki kutazamwa ni magego ya mwisho, ambayo baadhi ya watu hawana kabisa, na kwa wengine hufunga mizizi mapema au miaka kadhaa baadaye. Jibu la haki hutolewa kama masafa ya umri, yaani kuanzia umri fulani hadi umri fulani, na anayetoa namba moja tupu aulizwe masafa yake.

Mionzi yake ina madhara?

Kipimo chake ni kidogo, lakini mtu anayepigwa picha kwa ajili ya umri pekee hapati tiba yoyote. Kwa hiyo, kama kuna eksirei iliyokwisha kupigwa kwa matibabu na tarehe yake inajulikana, ianze kutumika hiyo, kwa ridhaa ya mwenyewe au mlezi wake.