Mzazi, Usiniletee Mtoto Nimnyooshe

Nafundisha watoto karate, na kila shule zinapofungwa nakutana na maneno yaleyale: "Sensei (mwalimu), huyu amenishinda. Nimekuletea umnyooshe." Likizo hii nimeyasikia hadi uvumilivu umeniishia, na mzazi wa mwisho alimwambia mwanawe mbele yangu kwamba hapa "wanatandika". Mtoto akavua viatu mlangoni huku anatetemeka. Sasa nina kazi ya wiki kadhaa kumtoa hofu kabla sijamfundisha hata sanchin dachi, mkao wa kusimama, maana mtoto mwenye hofu hubana pumzi, na aliyebana pumzi hashiki kitu.

Naelewa imani hiyo inatoka wapi. Mzazi anachungulia dirishani anaona watoto wamepanga mistari, sare nyeupe za gi, senpai, yaani mwanafunzi aliyetangulia, anahesabu ichi, ni, san (moja, mbili, tatu), wote wanapiga pamoja na kuitika "hai!" (ndiyo!) kwa sauti moja. Anasema: nidhamu ndiyo hiyo. Hapana, mama. Hapana, baba. Mtu yeyote mwenye filimbi na sauti nzito anaweza kuwapanga watoto kwa saa nzima, na wakitoka getini mkubwa akampokonya mdogo nauli ya daladala.

Na mistari yenyewe ina historia ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawapendi niitaje. Zamani huko Okinawa, visiwa vya Japani ilikozaliwa karate, mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, akimfundisha kila mmoja kwa jinsi mwili wake ulivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu wa huko, Itosu Anko, aliingiza karate mashuleni na kutunga kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ziitwazo Pinan, na madarasa makubwa yakahitaji hesabu na amri. Mwaka 1908 aliandika barua yenye nukta kumi kuitetea karate, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba mtoto akianza tangu shule ya msingi atakuja kufaa jeshini. Japani ya wakati ule ilitaka askari. Simlaumu Itosu, maana bila yeye huenda karate isingetufikia. Lakini mzazi anayevutiwa na mistari na amri ajue kwamba anavutiwa na kitu kilichoongezwa ili darasa liendeshike na jeshi lipate vijana.

Kinachomjenga mtoto kiko kwenye kumite, mazoezi ya kupigana na mwenzake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapoeleweka vibaya kuliko pote. Chukua watoto wawili wa miaka kumi na moja. Mmoja anashambulia jodan, yaani juu, ngumi inakwenda usoni kwa kasi yake yote, na inatakiwa isimame kabla haijagusa ngozi. Watu hudhani kuizuia ngumi ni kupiga kilegevu. Ngumi legevu haisimami, inaelea tu. Ili isimame, miguu iwe imekaa, nyonga imefika, hikite, mkono unaorudi nyuma, imevutwa mpaka mwisho, na macho yawe yamepima maai, umbali wa kati yao, kabla mtu hajaondoka alipo. Asiyejua kupiga hawezi kusimamisha.

Sasa mpe mtoto huyohuyo mwenzake aliye mwembamba na mfupi kuliko yeye. Ana nguvu mkononi, anaweza kumwumiza, na katika nukta ile hakuna wa kumzuia isipokuwa yeye mwenyewe. Nikipaza sauti "yame!" (acha!), ngumi imeshafika. Utii hungoja sauti. Uamuzi huu unatangulia sauti ya mtu yeyote. Ndiyo maana napandwa na hasira nikisikia kwamba karate inafundisha kutii. Mtoto mtiifu kupita kiasi ndiye anayenitaabisha kwenye kumite, kwa kuwa ananitazama mimi badala ya kumtazama mwenzake.

Kisha zamu inageuka. Aliyeguswa pua kwa bahati mbaya sasa ndiye mshambuliaji, na hasira bado imemkaba kooni. Anainama, anarudi kwenye kamae, mkao wa kujiandaa, anatupa ngumi kali, na ngumi inasimama. Nimeshuhudia watu wazima wenye dan (madaraja ya mkanda mweusi) wakishindwa jambo hilo. Mtoto akiliweza leo, kesho anaweza kulikosa, tunarudia.

Kata sitaziongelea sana. Kata ya Gekisai Dai Ichi ni fupi, mtoto mwepesi huikariri mapema, kisha hukaa nayo miaka akigundua kwamba kiwiko chake hakifiki na mgeuko unamyumbisha. Kuvumilia kutojua kitu vizuri, mbele ya wenzako, ni somo kubwa. Lakini shime, ukaguzi wa kupiga mabega kwa nguvu mwanafunzi akiwa kwenye kata ya Sanchin, siifanyi kwa watoto. Nawagusa kwa kiganja nione wamekaza wapi, basi.

Mikanda ndiyo inayonichosha. "Mweusi ataupata mwaka gani?" Barua ileile ya Itosu inasema mtu akifanya mazoezi saa moja au mbili kila siku, baada ya miaka mitatu au minne mwili wake utaanza kuonyesha tofauti. Kila siku! Mwanao anakuja mara mbili kwa wiki. Mfumo wa dan wenyewe uliingia karate mwaka 1924, mwalimu Funakoshi Gichin alipouazima kutoka judo, na karate ilikuwepo kabla yake.

Kuna jambo moja linaninyima uhakika. Tukisifu karate, huwa tunawaonyesha vijana waliobaki mpaka mkanda wa kahawia na kuendelea: watulivu, wenye subira, wasiopenda ugomvi. Lakini wengi walioanza nao waliacha njiani. Je, karate iliwafanya hawa wawe hivyo, au waliokuwa hivyo tangu mwanzo ndio waliobaki? Nimelifikiria kwa miaka na sina jibu la kuaminika. Baadhi nimewaona wakibadilika kwa macho yangu. Wengine walikuja tayari wakiwa watu wazuri, nami nikapewa sifa za bure.

Na utii tunaousifu una hatari yake. Mtoto aliyefundishwa kutomhoji sensei hana kinga akiangukia kwa sensei mbaya. Kwa hiyo kaa ukumbini utazame mazoezi. Mwalimu anayewakataza wazazi kutazama, mwondoe mtoto siku hiyohiyo, bila kujali ana dan ngapi.

Ukija kwangu, usimwahidi mtoto kipigo. Mwambie anakuja kujifunza kupiga na kuzuia mkono wake. Akirudi nyumbani, muulize alifanya mazoezi na nani, na kama mwenzake alitoka salama. Na mkate kucha za mikono na miguu kabla hajaja.