Chalenji ya uvumilivu: maana yake, na kwa nini MrBeast alihesabu hadi laki moja

Januari 2017, kijana wa miaka 18 wa mji wa Greenville, North Carolina, alikaa mbele ya kamera akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Hakuwa na muziki, mgeni wala kichekesho alichokiandaa. Aliendelea mpaka akafika 100,000, na kazi yote ikamla kama saa 40. Video aliyoipandisha YouTube ilikuwa ya takriban saa 24, na sehemu nyingine aliziharakisha ili zienee humo. Saa 40 ni sekunde 144,000, kwa hiyo kila namba ilipata kama sekunde moja na nusu. Jaribu kutamka "sabini na saba elfu mia saba sabini na saba" ndani ya sekunde moja na nusu, kisha urudie mara nyingi uone koo linavyokauka.

Kijana huyo ni Jimmy Donaldson, ambaye dunia inamjua kama MrBeast. Alizaliwa Mei 1998 na alifungua chaneli yake mwaka 2012 akiwa na miaka 13. Kwa miaka mitano hivi alikuwa mtoto kama watoto wengine wanaorekodi michezo ya kompyuta chumbani bila mtu kuwatazama. Kuhesabu ndiko kulikomtoa. Alipomaliza alijiuliza mbele ya kamera anafanya nini na maisha yake. Baadaye alihesabu tena, safari hii hadi 200,000.

Hiyo ndiyo chalenji ya uvumilivu ikiwa bado haijavikwa nguo: mtu anajiwekea au anawekewa jambo jepesi kulielewa na gumu kulivumilia, halafu kamera inasubiri ashindwe. Ugumu wake hauko kwenye ustadi. Mkimbiaji wa marathoni amejifunza miaka, na fundi wa sarakasi hali kadhalika. Hapa unatakiwa ukae, usimame, ushike, au usitoke. Yeyote anaweza kuanza, na kila anayetazama anajiambia hata yeye angeweza. Nadhani wazo hilo la "hata mimi" ndilo linalobeba nusu ya mvuto wote.

Neno lenyewe lina kisa chake. Kiswahili kina "changamoto", lakini maofisini limekwisha kugeuka kuwa jina la adabu la tatizo. Barabara ikiwa na mashimo inasemwa ina changamoto, na mshahara ukichelewa kuna changamoto ndogo. Vijana wa mtandaoni wakabaki hawana neno la mchezo wa kujipima, wakachukua "chalenji". Mimi sioni ubaya. Ukiniambia mtu amejipa changamoto ya siku saba nitamwonea huruma, lakini ukisema amefanya chalenji ya siku saba nitauliza video iko wapi.

Wamarekani hawakungoja intaneti ili waanze haya. Machi 1923 mwalimu wa dansi Alma Cummings alicheza New York kwa saa 27 mfululizo, akibadilisha wenzi sita. Wengine wakataka kumpita, na ndani ya muda mfupi mashindano ya kucheza bila kulala yakawa biashara yenye kumbi, tiketi na watangazaji. Mwaka 1930 Alvin Kelly, aliyezoeleka kwa jina la utani "Shipwreck", alikaa juu ya nguzo huko Atlantic City kwa siku 49. Zama za mdororo mkuu wa uchumi zilipofika, mashindano ya dansi yalibadilika sura. Wengi walioingia walikuwa watu wasio na kazi, na ukumbini angalau kulikuwa na chakula na paa. Walicheza wiki kwa wiki wakipewa mapumziko mafupi kila saa, mmoja akilala begani kwa mwenzake huku miguu ikiendelea kujikokota, na watu waliolipa kiingilio wakitazama. Baadhi ya majimbo yaliishia kuyapiga marufuku.

Mfano wa karibu zaidi na MrBeast ni wa Longview, Texas. Kuanzia 1992 hadi 2005, muuza magari wa huko aliwaweka watu kulizunguka gari moja la pikapu, kila mmoja ameligusa kwa mkono. Wa mwisho kuondoa mkono alilichukua. Miaka kadhaa baadaye MrBeast alifanya vivyo hivyo, safari hii gari likiwa Lamborghini. Akafuatisha wa mwisho kutoka kwenye duara, wa mwisho kuondoka kisiwani, na mengine ya ukoo huo.

Basi kama jambo ni la kale, kipya ni nini? Kwanza ni mtandao wenyewe. Oktoba 2012 YouTube ilitangaza kwamba katika kupanga video zinazotokea mtu anapotafuta, itaangalia watu wametazama kwa muda gani, badala ya kuhesabu mibofyo tu. Mabadiliko hayo yalipita kimya kwa sisi watazamaji, lakini kwa watengeneza maudhui yalikuwa kama kubadilishiwa mizani sokoni. Bidhaa ikawa dakika. Na hakuna kitu kinachomshikilia mtu dakika nyingi kama swali ambalo jibu lake liko mwishoni tu. Nani atabaki? Atavumilia mpaka lini?

Septemba 2024 ulivuja mwongozo wa kurasa 36 unaotajwa kuwa wa wafanyakazi wa kampuni ya Donaldson. Ukiusoma unaona hesabu zinavyofanywa. Dakika ya kwanza inatajwa kuwa ndipo watazamaji wengi hupotea, hivyo kile kilichoahidiwa kwenye kichwa na kijipicha, ile picha ndogo ya kuitangaza video, kinapaswa kuonekana hapohapo. Kati ya dakika ya kwanza na ya tatu mambo yapande kwa kasi. Karibu na dakika ya tatu kiwepo kitu cha kumshtua mtazamaji asiondoke, na karibu na ya sita kingine. Sasa fikiria siku saba alizozikwa hai ndani ya jeneza mwaka 2023, ambazo ni saa 168 za mtu kulala chali. Video haikufika hata nusu saa. Mwaka 2017 uchovu aliutoa karibu mzimamzima, na mtazamaji akacheka kwamba kuna mtu kafanya upuuzi huu. Leo uchovu anaubakiza jenezani. Kinachotufikia ni machozi, utani wa marafiki walioko juu ya udongo, na saa inayoonyesha zimebaki ngapi.

Kitu cha pili ni kichwa cha video chenye namba. Sikiliza jinsi zinavyotangazwa: saa 50 kaburini, siku 100 mahali pamoja, dola nusu milioni, watu mia moja. Namba haihitaji tafsiri. Mtoto wa Mwanza na mtoto wa São Paulo wanaielewa sawasawa, na hiyo ni sababu mojawapo ya chaneli yake kuipita T-Series, ya kampuni ya muziki ya India, Juni 2024 na kuwa yenye wafuatiliaji wengi kuliko zote YouTube.

Cha tatu, na kwangu ndicho kiini, ni kishawishi cha kutoka. Methali yetu inasema mvumilivu hula mbivu. Katika methali embe linaiva lenyewe. Kwenye chalenji mwenye mwembe ndiye anayeamua liive lini, na kila baada ya muda anakuja na embe bichi mkononi kukubembeleza ushuke. Mwaka 2023 alimweka mtu ndani ya duka kubwa la vyakula kwa ahadi ya dola 10,000 kwa kila siku atakayokaa. Ila kila siku huyo bwana alipaswa kutoa nje bidhaa zenye thamani ya dola 10,000. Kwa maneno mengine alikuwa akikata tawi alilokalia. Rafu zilikuwa zikipungua, chakula kinapungua, na pesa inaongezeka. Alikaa siku 45, akaondoka na dola 450,000. Hakuna aliyemfukuza, mlango ulikuwa wazi wakati wote, na mlango wazi ndio unaotesa.

Hapa ndipo naona chalenji hizi zilibadilika bila kubadilisha jina. Mwanzoni aliyevumilia na aliyefaidika walikuwa mtu mmoja. Alikausha koo lake, akapata watazamaji wake. Hata jeneza aliingia mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya kazi za miaka ya karibuni ni yeye kusimama nje ya duara akiwa ameshika saa na bahasha, na watu wengine ndani wakivumilia. Novemba 2021 aliwakusanya watu 456 kuigiza michezo ya tamthilia ya Korea Kusini, Squid Game, kwa zawadi ya dola 456,000. Bila shaka hakuna aliyekufa kama kwenye tamthilia. Lakini hadithi ile ilikuwa inawasuta matajiri wanaotazama wadaiwa wakigombea fedha, na hapa ikafanywa mchezo wenyewe. Wengi hawakuona tatizo. Mimi nilitazama hadi mwisho, kwa hiyo sina mdomo mrefu.

Desemba 2024 mchezo ukahamia Prime Video ya Amazon kwa jina Beast Games: washindani 1,000 na zawadi ya dola milioni 5, ambayo mwishoni iliongezwa hadi milioni 10. Kabla yake kulikuwa na mchujo mkubwa zaidi Las Vegas. Septemba 2024 washiriki watano ambao majina yao yalifichwa walifungua kesi Los Angeles wakidai, miongoni mwa mengine, kwamba chakula na huduma ya afya havikutosha na kwamba wanawake walinyanyaswa. Waandaaji walikuwa wamekwisha kusema kuwa matatizo yaliyotokea yalichangiwa na hali ya hewa na hitilafu ya mifumo ya kompyuta iliyoikumba dunia Julai mwaka huo. Sihukumu kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu akijinyima usingizi mwenyewe, hilo ni lake na mama yake. Akiwanyima wengine elfu moja, huyo ni mwajiri au kitu kinachofanana sana na mwajiri, na maswali ya maji, choo na daktari yanaingia mlangoni pamoja naye.

Tusichanganye chalenji na rekodi. Rekodi ina mwamuzi asiyekuwa mwenye kamera. Hilda Baci, mpishi wa Nigeria, alipopika mfululizo Lagos Mei 2023, Guinness World Records walimthibitishia saa 93 na dakika 11, na kanuni ziliruhusu mapumziko ya dakika tano kwa kila saa, ambayo mtu anaweza kuyalimbikiza. Agosti mwaka huohuo Maliha Mohammed wa Mombasa naye alikaa jikoni zaidi ya saa 90. Truphena Muthoni alikumbatia mti Nairobi kwa saa 48 mwaka 2025, na kabla mwaka haujaisha akarudia Nyeri kwa saa 72 kutetea misitu. Hao walikuwa wakijipima dhidi ya kitabu kilichoandikwa na watu wengine. Guinness wenyewe waliacha mwaka 1997 kufuatilia rekodi ya kukaa bila kulala, kwa sababu ya hatari zake kwa mwili. Katika chalenji hakuna wa kusema hapana isipokuwa yule aliyeitunga.

MrBeast amefika huku kwetu pia, ingawa si kwa jeneza. Novemba 2023 alitoa video ya visima 100 alivyochimba Kenya, Uganda, Somalia, Zimbabwe na Cameroon. Kenya ilizuka mivutano: wapo walioshukuru maji, wapo walioona aibu kwamba kazi ya serikali imefanywa na kijana wa YouTube, na wapo waliochoka kuiona Afrika ikipigwa picha tena ikiwa na kiu. Ukiitazama kwa jicho la mtu anayechambua maumbo, utaona ni mtambo uleule, wenye namba kubwa mbele na kazi isiyoisha inayoisha ndani ya dakika chache. Tofauti ni kwamba maji yanabaki.

Na watoto wanaiga, kama tulivyoiga sisi mieleka ya kwenye runinga. Michezo yetu ya sherehe za shule ilikuwa mifupi: kukimbiza kuku, mbio za magunia, kuvuta kamba, halafu pilau. Likizo iliyopita wapwa zangu na majirani zao walichora duara kwa mkaa uwanjani, wakaingia saba, zawadi soda moja. Simu ya kurekodia ilikuwa ya dada yangu. Baada ya saa moja hivi akaihitaji, akaja kuichukua. Wanne wakatoka palepale. Wawili wakaitwa kuoga. Wa mwisho alibaki kasimama peke yake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akavuka mstari akaenda zake, na soda ikabaki pale ukutani mpaka jioni.