Gertrude Stein hakuandika bila kufikiri

Mwaka 1934 mwanasaikolojia B. F. Skinner alidai kwamba mwandishi Mmarekani Gertrude Stein aliandika kitabu chake Tender Buttons kwa kuuachia mkono uende wenyewe. Dai hilo limedumu mno. Ni kweli kwamba Stein na mwanafunzi mwenzake Leon Solomons walichapisha majaribio ya uandishi wa aina hiyo mwaka 1896, walipokuwa Harvard. Lakini madaftari ya riwaya yake The Making of Americans, kazi ya 1903 hadi 1911, yamejaa mipango na uainishaji wa tabia za watu.

Asili ya mtindo wake itafutwe kwenye kuta za nyumba yake, 27 rue de Fleurus, Paris. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliandika kitabu chake Three Lives akiitazama picha ya Cézanne, mchoraji aliyeipa kila sehemu ya turubai uzito sawa. Stein alilitaka hilo kwenye sentensi. Soma ukurasa wake kwa sauti: anaporudia, mara nyingi kuna neno linalobadilika.